Dakika Tano Kabla ya Kuzima

Kwa miaka sita nilimjua mkwe wangu kwa mgongo. Ningeweza kumtambua Thobias katikati ya mnada kwa shingo yake, kwa visigino vyake vilivyopasuka, na kwa ile kaptula yenye kiraka cha turubai. Uso sikuwahi kuuona vizuri. Hata siku ya harusi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wasukuma wa Didia: mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani, hawapeani mkono, hawapiti njia moja. Mkikutana ghafla, yeye anaingia majanini na wewe unajifunika kanga. Chakula chake nilipika mimi, na kati yetu alisimama binti yangu Philomena, akipeleka sahani huku na salamu kule kama posta.

Naeleza haya mapema kwa sababu wapo watu hapa Shinyanga wanaosimulia habari ya mkono wangu bila kueleza mila, na wakimaliza naonekana mwanamke asiye na haya. Haya ninayo. Lakini nilikuwa na lori pia.

Lori lilikuwa la marehemu mume wangu, Bujiku. Bedford la dizeli la mwaka sitini na nne, kichwa cha kijani, na ubavuni alikuwa ameandika kwa mkono wake POLEPOLE NDIO MWENDO, maana halikuwa na namna nyingine ya kwenda. Alibebea pamba humo miaka kumi na tano. Mimi nilipanda pembeni yake safari nyingi mpaka nikajua kusikiliza injini kama wengine wanavyojua kusikiliza kwaya. Alipofariki mwaka wa sabini na tisa, lori likabaki nyuma ya nyumba yangu chini ya turubai. Kuku wakataga kwenye kiti chake. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kuuza karanga zangu stesheni, nililigonga bodi kidogo kwa kiganja, nikaendelea na safari. Nilikuwa nampenda mume wangu, sioni sababu ya kulificha hilo.

Shemeji yangu Jilala, mkubwa wa ukoo, hakuona mume pale. Aliona chuma.

"Ng'ombe anazaa, Mama Philomena," aliniambia, amesimama na fimbo yake ubavuni mwa lori. "Hili linazaa nini?"

"Linazaa kumbukumbu."

"Linazaa kutu. Nimeongea na mtu mwenye gesi ya kukatia. Alikate vipande, tuuze, tununue ng'ombe wawili, watatu. Kaka yangu hawezi kukasirika kwa ajili ya ng'ombe."

Mimi ni mpole sana mpaka mtu aniguse. Siku hiyo niliguswa, na maneno niliyosema siyaandiki. Lakini mali ya marehemu kwa mila ilikuwa chini ya Jilala, na akutukanaye hakuchagulii tusi, kwa hiyo naye akanirudishia yangu, tukaachana tukiwa tumechoka wote wawili.

Jioni Philomena akaja na salamu. Thobias, ambaye ni fundi katika gereji ya Rajnikant Velji karibu na stesheni, alikuwa anaomba nafasi. Mwambie mama, alisema, asikubali likatwe. Nitaliamsha, na likiamka halitakwenda polepole.

Neno lenyewe alilokuwa nalo kichwani lilikuwa tabo. Rajnikant alikuwa amezipata mbili katika mnada wa vyuma vya kiwanda cha pamba kilichokuwa kinafunga jenereta zake, zote ndani ya sanduku moja la mbao pamoja na kijitabu. Tabo ni kidude cha chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi wa ekzosi unapita humo, unazungusha panga ndogo, na panga hiyo inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Kwa lugha ya jikoni, gari linapepewa moto. Ukipepea mkaa unawaka, na ukipepea dizeli ndiyo vilevile, Bedford la mzee Bujiku linapata nguvu za kijana.

Sasa nikiri jambo ambalo nililificha kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Wiki ile ile nilipita gereji, Thobias akiwa amelala chini ya gari kama kawaida yake akinisikia, nikaomba karatasi za kufungia karanga. Mwaka huo wa themanini na tatu hapakuwa na sabuni, hapakuwa na sukari, sembuse karatasi. Rajnikant, mtu mkarimu, akanionyesha pipa la takataka na benchi lililo karibu nalo. Nilichukua vya kwenye pipa. Nilichukua na vya kwenye benchi. Humo mlikuwa na kijitabu kimoja cha Kiingereza chenye karatasi nzuri, ngumu, zisizonyonya mafuta. Nikafurahi.

Thobias alipokwisha kuifunga tabo moja, jaribio la kwanza lilifanyika katika kiwanja cha ndege cha zamani nje ya Didia. Kiliachwa na wapima dhahabu waliohamia upande wa Geita: kilometa moja ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, umenyooka kama rula, hakuna hata mti. Mahali pengine popote ungekimbiza lori ungeua mbuzi wa mtu. Mimi sikualikwa. Nilikwenda kwa miguu yangu na beseni la karanga, nikakaa mwisho kabisa wa kiwanja, nimeipa mgongo njia, nikasikiliza.

Jamani, lilikuja! Gia ya pili, ya tatu, na juu ya mngurumo ule ninaoujua palikuwa na sauti mpya, filimbi nyembamba iliyozidi kupanda. Likafika mwisho wa kiwanja, likafunga breki na kusimama hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nilishindwa kujizuia, nikageuka. Thobias naye akageuka. Akaona kanga yangu.

Alizima injini papo hapo. Akafungua mlango wa upande wa pili, akaruka chini, akachutama nyuma ya tairi mpaka nilipokusanya beseni langu na kuondoka. Nilijisikia fahari. Nikajisemea, huyu kijana amelelewa, hata katika furaha hakusahau kumzimia mama mkwe kelele. Na mtu yeyote mwaka ule angezima vilevile, kwani dizeli ilipatikana kwa kibali, tena lita chache tu. Madereva walizima kwenye mteremko, walizima wakisimama kununua muhogo, walizima hata wakijibu salamu.

Lilipowashwa tena, filimbi haikuwepo. Palikuwa na moshi wa bluu na kikohozi, kisha hapakuwa na kitu. Jilala, ambaye hakosekani kwenye msiba wa mwenzake, akaleta ng'ombe sita na minyororo, wakalivuta lori la kaka yake mpaka nyumbani katikati ya Didia. Watu walitoka majumbani kutazama. Bibi mmoja aliuliza kama ng'ombe wanapelekwa kujifunza udereva.

Thobias alifungua tabo akakuta oili imeungua ndani imekuwa lami, shafti imekwama haizunguki hata kwa nyundo. Rajnikant alilaumu oili. Philomena alilaumu uchawi wa baba yake mkubwa. Thobias akajilaumu mwenyewe, akakonda. Mtu akikonda huonekana hata kwa mgongo, na mgongo ule uliniuma.

Ikabaki tabo moja, na Jilala akaweka masharti yake mbele ya watu ili yasigeuzwe. Jumamosi ya wiki mbili zijazo, lori la Bujiku lishindane na lori la Gregory, kila moja na magunia ishirini ya mchanga. Limshinde Gregory, kisha lirudi nyumbani kwa nguvu zake, bila ng'ombe. Likifanya yote mawili, yeye Jilala hatatamka tena neno gesi. Likishindwa moja, Jumatatu linakatwa.

Gregory alikuwa Mzinza aliyebeba dagaa kutoka Nkome kwenda Kagongwa, na lori lake lilikuwa jipya na kubwa kuliko letu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na domo tu.

"Mama," aliniambia stesheni, akinunua karanga, "nikimaliza kushinda nitawasubiri na chai."

"Chukua karanga, baba, utafune. Mdomo ukiwa na kazi unapumzika."

Jumamosi ilifika na watu wakafika nayo. Nusu ya Didia ilikuwa pale, na wengine walitoka mjini kwa baiskeli. Mwanzo wa kiwanja, karibu kilometa nzima kutoka kwetu, walikuwa Rajnikant na kitambaa chake cheupe, Thobias, Gregory, na Philomena aliyekataa kumwacha mumewe. Mwisho wa kiwanja Jilala alikuwa amechora mstari wa majivu, amesimama juu yake kama refa. Ng'ombe wake sita walikuwa pembeni, na minyororo. Niliwatazama wale ng'ombe kwa chuki ambayo hawakustahili.

Mimi nilifichwa. Usha, mke wa Rajnikant, ambaye wote tunamwita Mama Anar, alikuwa ameegesha gari lao ng'ambo ya mstari kwa sababu magoti yake hayamruhusu kusimama, akaniambia nikae nyuma ya gari hilo nisije nikamshtua tena kijana wa watu. Nikakaa kwenye kigoda, nimejitanda kanga, beseni miguuni. Mama Anar alishusha kioo akanunua pakiti moja kwa dirisha la nyuma.

Huyu mama ana tabia moja. Alisomeshwa na masista Mwanza, na tangu hapo hakuna kitu chenye maandishi kinachompita. Anasoma magunia. Anasoma vibao vya makaburi. Alipomaliza karanga akakunjua karatasi, akaisoma hiyo nayo, kisha akaianza tena kutoka juu.

"Mama Philomena. Karatasi hii umeipata wapi?"

"Gerejini kwenu. Kwani ina nini?"

"Ni ya kijitabu cha ile tabo. Mume wangu amekitafuta nyumba nzima, amenigombeza mimi!" Akashusha miwani. "Sikiliza. Inasema: baada ya kazi nzito, injini isizimwe ghafla. Iachwe izunguke polepole dakika tatu mpaka tano, ili oili iendelee kupita na tabo ipoe. Ikizimwa ghafla, oili iliyo ndani itaungua na shafti itakwama."

Nilikaa na maneno hayo muda mfupi tu, maana hayakuhitaji muda mrefu. Niliiona kanga yangu siku ile. Nikausikia ule ukimya wa injini iliyozimwa kwa ajili yangu, ule niliouonea fahari. Oili haikuwa na kosa, na shemeji yangu, pamoja na yote, hakuwa mchawi. Ilikuwa adabu. Na dawa yake nilikuwa nimeifungia karanga nikawauzia abiria wa treni.

"Mama Anar," nikasema, "Thobias hajui."

"Hajui."

"Akifika hapa atazima."

"Atazima," akasema Mama Anar, na kule mwanzo kitambaa cheupe kikashuka.

Malori mawili yaliondoka. Nilitoka nyuma ya gari, mila ikae huko, nikasimama. Gregory alichomoka mbele kwa urefu wa lori zima, maana tabo haiamki mara moja, inataka moshi kwanza. Jilala akatabasamu. Nikamsikiliza Thobias: gia ya pili, hajaikimbilia, vizuri, ya tatu, ameivuta mpaka mwisho kama alivyokuwa akifanya marehemu. Ndipo ile filimbi ikaanza. Ilianza chini kama birika linalokaribia kuchemka, ikapanda, ikapanda, na lile lori la kichwa cha kijani likaanza kumla Gregory kidogo kidogo. Likafika kwenye tairi lake la nyuma, kisha mlangoni. Gregory alitoa kichwa dirishani kutazama kama ni kweli. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walisahau uzee, na mimi nilikuwa napiga kelele jina la mume wangu, si la mkwe wangu, mbele za watu wote.

Lilivuka majivu likiwa mbele kwa kichwa. Kichwa tu, lakini hata Jilala alikiona.

Sasa kila mtu alikimbilia kushangilia na mimi peke yangu nilikuwa na hofu. Mama Anar alikuwa akiita, "Usizime! Usizime!" kwa sauti yake ya chiriku, na hakuna aliyemsikia, achilia mbali dereva. Lori lilifunga breki, vumbi likalifunika. Nikatupa beseni. Nilikuwa na miaka hamsini na mwili wa kutosha, lakini siku hiyo nilikimbia, na karanga zangu zilitawanyika nyuma yangu.

Nilipanda kikanyagio cha mlango nikaingiza kichwa dirishani. Thobias alikuwa anacheka peke yake na meno yote nje. Aliniona. Kicheko kikakatika, akageuza uso, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kile kishikio cha kuvuta cha kuzimia injini, kama mkono wa mtu mwenye adabu ulivyopaswa kwenda.

Nikaushika.

Nataka ieleweke. Niliushika mkono wa mkwe wangu, wazi, mchana, mbele ya nusu ya Didia, nikaukandamiza pale pale ulipokuwa.

"Usizime!" nikasema.

Vigelegele vilikufa. Nyuma yangu nikasikia watu wakinyamaza mmoja mmoja mpaka ikabaki injini tu, ikizunguka taratibu. Thobias alikuwa amefumba macho, ameyakaza kweli kweli, kama mtoto anayepakwa dawa. Mimi nilikuwa natazama kioo cha pembeni kwa bidii. Wote wawili tulikuwa tunatetemeka, na sikujua ni sisi au ni lori.

"Shikamoo, mayu," akasema, macho bado yamefumbwa. Alinisalimia kwa mayu, mama kwa Kisukuma chetu.

"Marahaba, baba. Usizime."

"Dizeli inaisha, mayu."

"Na iishe. Kitabu kinasema dakika tatu mpaka tano, ndipo uzime. Ukizima sasa tabo inakufa kama ile ya kwanza."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. "Kitabu kipi?"

"Kile cha kwenye sanduku."

"Nimekitafuta wiki mbili. Kilikuwa wapi?"

"Nilifungia karanga."

Akafungua jicho moja. Nami nikasahau kutazama kioo, na hivyo ndivyo nilivyomwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa na uso mwembamba, wa upole, mchanga kuliko mgongo wake.

"Kumbe una mwanya," nikasema.

"Ndiyo, mayu."

"Philomena hakuniambia."

"Dakika moja!" akaita Mama Anar kutoka garini. Alikuwa ameshika saa yake, na kwa kuwa watu walikuwa kimya, safari hii alisikika.

Dakika moja tu! Nilidhani ni saa nzima. Tukabaki hivyo, mkono wangu juu ya wake, hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mwisho Thobias akakohoa.

"Mayu, kwa kuwa tumeshafika hapa, naomba niseme kitu."

"Sema, baba. Zimebaki nne."

"Maharage."

"Maharage yamefanya nini?"

"Yana chumvi sana. Miaka sita."

Nilikaribia kuanguka kwenye kikanyagio. "Lakini Philomena aliniambia wewe ndiye unayetaka chumvi! Kila wiki: mama, Thobias anasema ongeza kidogo!"

"Mimi? Aliniambia ndivyo unavyopika, nisikuvunjie heshima!"

Tukageuka wote wawili kutafuta posta wetu. Alikuwa anakuja mbio kutoka mwanzo wa kiwanja, bado mbali, akipunga mikono kwa furaha, hajui kwamba barua zake zimefunguliwa. Thobias alianza kucheka kwanza. Nami nikacheka, nikacheka mpaka kanga ikaanguka mabegani nikaiacha.

"Dakika tatu!"

Kicheko kilipoisha nilijua kwamba muda nao unakwisha, na kwamba yapo maneno ambayo hayawezi kwenda na sahani. Nikayasema yote kwa mkupuo kabla haya haijanirudia.

"Thobias, mwanangu. Umeliamsha gari la baba yako. Nilikuwa nalipita kila asubuhi kama kaburi, na wewe ukaingia chini yake ukalipa pumzi. Nilikutumia asante kwa Philomena, lakini asante ya kutumwa ni kama chai iliyopoa. Nakuletea mwenyewe sasa hivi. Asante, baba."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati lake, akajipaka oili kutoka shavu hadi sikio, na kile kilichokuwa machoni hakikufutika hata hivyo.

"Nilifikiri unanichukia," akasema baadaye. "Kila nikitokea unaondoka."

"Nami kila nikitokea unaingia majanini."

"Ni mila, mayu."

"Najua ni mila. Nakuambia tu nilivyojisikia."

"Dakika tano!" akaita Mama Anar. "Zima!"

Niliachia mkono wake, na nakiri niliuachia polepole. Akavuta kishikio. Kimya. Nikashuka, nikajitanda kanga, nikampa mgongo, naye akageukia upande wake. Alisubiri kidogo, akapiga stata. Injini iliitikia mara moja. Akaikanyaga, na ile filimbi ikapanda juu ya kiwanja, safi, haina kikohozi. Rajnikant, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema, alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe.

Lakini Jilala hakuwa amekaa. Alikuwa amekuja na fimbo, na nyuma yake wazee wawili wenye nyuso ndefu.

"Mama Philomena," akasema, "lori limeshinda, nimeona. Lakini mama mkwe amemshika mkwe mkono na kuongea naye uso kwa uso. Hilo lina faini yake."

"Nitozeni," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kutoa mbuzi, na kama angetaka dume ningetoa dume.

Jilala alikuwa anatazama lori. Alilizunguka taratibu, akasimama kwenye maandishi ya kaka yake, akapitisha kidole juu yake herufi kwa herufi. Bujiku alikuwa mdogo wake. Walichunga pamoja. Sikuwa nimelikumbuka hilo kwa miaka minne, kwa hasira zangu.

"Alikuwa akinibeba hapa mbele," akasema kwa sauti ndogo. Akakohoa, akarudia ukubwa wake. "Wazee, nauliza. Mila inakataza mkwe na mama mkwe kukutana nyumbani, na inakataza kukutana njiani. Sivyo?"

"Ndivyo," wakasema wazee.

"Gari lililosimama huku injini inazunguka liko wapi? Nyumbani halijafika, maana halijazimwa. Njiani halipo, maana haliendi."

Wazee wakatazamana. Gregory, aliyekuwa ameegemea lori lake akitafuna, akasema hata kwao Uzinza hajawahi kusikia mila juu ya mahali pa namna hiyo.

"Basi hapakuvunjwa kitu," akasema Jilala. "Injini ikizimwa, mila inarudi. Toa kuku mmoja kwa ajili ya kanga iliyoanguka." Kisha akafungua mlango wa upande wa abiria, akaingiza fimbo kwanza, akapanda. Ng'ombe wake sita walirudi Didia kwa miguu, wanavuta minyororo mitupu, nasi tukawapita kwa filimbi. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia ya mchanga, pamoja na Philomena, na tulikuwa na mazungumzo marefu kuhusu chumvi.

Ni miaka mitatu sasa. Lori linabeba pamba, na msimu wa dagaa linakwenda Nkome pamoja na la Gregory. Kila jioni Thobias akirudi analisimamisha mbele ya mlango wangu wala hazimi. Natoka na kigoda, nakaa ubavuni, yeye anabaki kwenye usukani, na tunaongea: mtoto ameota jino, Kagongwa mvua imenyesha, maharage ya leo yalikuwaje. Akizima tu, ninajitanda kanga, yeye anashukia mlango wa pili, na ninauona mgongo wake ukienda zake. Majirani wanalalamikia moshi. Rajnikant analalamikia dizeli.

Ule ukurasa wa kitabu ninao, nimeubandika ukutani, bado una doa la mafuta ya karanga. Umeandikwa tatu mpaka tano, na tarakimu nazijua vizuri. Lakini Thobias akitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Mayu, haijapoa tu?" huwa nalisikiliza lori kwa makini, nimeinamisha sikio kama mtaalamu, halafu namjibu bado.